Usiuze Kioo Kabla ya Samaki: Tulivyowahamisha Mbuna Wetu Kutoka Mbeya

Ukitangaza kwamba unahama na una tangi la samaki, simu zitaanza kuita siku hiyo hiyo, na karibu zote zitauliza habari za kioo. Ni lita ngapi? Kina meza yake? Bei ya mwisho? Habari za samaki hakuna anayeuliza. Ndivyo ilivyokuwa barua ya uhamisho ya mume wangu ilipotoka, kutoka Mbeya kwenda Njombe, nasi tukiwa na tangi la lita 300 sebuleni pale Ilomba, limejaa mbuna wa Ziwa Nyasa tuliowalea tangu wakiwa vifaranga.

Kuwapeleka Njombe tulikufikiria kwa muda mrefu. Nyumba tuliyopata ilikuwa ya vyumba viwili tu, na Njombe iko juu zaidi ya Mbeya, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ilikuwa Juni. Hata hapo Mbeya hita ilikuwa inafanya kazi usiku kucha ili maji yasishuke chini ya nyuzi 24, na LUKU ilikuwa inaisha kabla mwezi haujafika katikati. Umeme ukikatika saa nane usiku kwenye baridi ya Njombe, ingebidi mtu akeshe akichemsha maji. Tukakubaliana watafutiwe kwao kupya.

Kwa asiyewajua, mbuna ni samaki wa mawe. Ukisimama Matema unaona mchanga unavyokoma na miamba kuanza, na kutoka hapo kushuka Lumbila hadi Lupingu, chini ya milima ya Livingstone, ndiko wanakoishi. Hawatoki kwenye mawe, na wanakula mwani uliogandamana na mawe hayo. Dume wetu mkubwa, ambaye watoto walimwita Chifu, alikuwa wa aina inayoitwa Labeotropheus fuelleborni, jina lililotokana na daktari Mjerumani, Friedrich Fülleborn, aliyekusanya samaki wa ziwa hili enzi za Wajerumani. Pua yake ni nene na imeufunika mdomo, na akila analala sambamba na jiwe, anabonyeza kwa pua huku anang'oa mwani kwa meno. Ukimtazama kwa karibu unaona kabisa kwamba mwili huo uliumbwa kwa ajili ya mawe.

Ushauri wa kwanza tulioupata ulitoka kwa jirani, mtu mwema kabisa: "Mama, si uwarudishe tu ziwani? Matema si mbali." Tuliusikia kwa watu wengi. Mwendesha bodaboda wetu akaongeza kwamba hata Matema hakuna haja, tukawamwage Ziwa Masoko kule Rungwe, ni karibu zaidi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanafanya hivyo wakidhani wanatenda wema. Samaki aliyekaa kwenye kioo miaka kadhaa, pengine pamoja na samaki wa duka waliotoka nchi nyingine, anaweza kuwa na wadudu wa magonjwa ambao ziwa halijawahi kuwaona. Tena mbuna si kitu kimoja. Ghuba hii wana rangi hii, ghuba ya pili wana nyingine, kwa sababu mbuna havuki mchanga wala kina kirefu kwenda kwa jirani. Ukimmwaga wa ghuba moja kwenye nyingine, watazaliana na ile aina ya pale itaharibika. Kule Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi West ndani ya hifadhi ya taifa ya ziwa, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliachia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa, na baadhi wakachanganyika na wenyeji. Sisi wenyewe Watanzania tunao mfano wa sangara: aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, ambao ni ndugu wa hawa mbuna, walikuwa wametoweka kwa aina nyingi sana.

Na Masoko ndiyo kabisa usipaguse. Ni ziwa dogo la kreta, lakini mwaka 2015 watafiti waliandika katika jarida la Science kwamba samaki wake wa jamii ya furu, wote wa asili moja, wanaendelea kugawanyika makundi mawili, wa kandoni penye kina kifupi na wa chini kwenye giza. Jambo kama hilo linatokea hapo Rungwe, mlango wa pili kwetu, halafu mtu aende na ndoo ya samaki wa sebuleni! Nilimweleza yule kijana wa bodaboda habari hiyo yote tukiwa njiani, akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama, tuwatafutie watu." Na alinisaidia kweli kuwatafuta.

Kabla ya kumsafirisha samaki hai nje ya mkoa, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako. Kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na afisa uvuvi atakueleza unahitaji nini kwa safari yako. Nilimkuta mama mmoja mpole, akanisikiliza na kuniandikia barua yenye idadi ya samaki, wanakotoka na wanakokwenda. Njiani barua hiyo ilitusaidia kuliko maneno yangu yote. Ukiwa upande wa Kyela, kuna pia kituo cha TAFIRI kinachofanya utafiti wa ziwa hili.

Kuwapata watu ndiyo kazi iliyochukua muda na roho. Wa kwanza alikuwa na mabwawa ya perege nje ya mji na alitaka kuwatia humo. Maji ya bwawa la wazi Mbeya mwezi wa sita ni baridi mno kwa samaki aliyezoea nyuzi 24 hadi 26, kwa hiyo nilikataa. Wa pili alitaka tangi liwe pambo la mapokezi ya nyumba ya wageni. Nilipomuuliza nani atabadilisha maji akacheka, akasema watabadilika wenyewe. Wa tatu alikuwa na tangi zuri, lakini ndani yake kulikuwa na samaki wanaotaka maji laini yenye tindikali kidogo, wakati mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha tindikali ya maji) kuanzia 7.7 hadi 8.6. Hao hawawezi kukaa nyumba moja hata kwa mapenzi gani.

Kutokana na mahojiano hayo nilipata maswali yangu, na sasa nikisikia mtu anagawa samaki namwambia aanze nayo. Muulize mpokeaji maji yake yakoje, na kama hajui, mpelekee kipimo mpime pamoja. Muulize anafanyaje umeme ukikatika. Muulize atawalisha nini, kwa sababu mbuna wa kula mwani ukimpa chakula kizito cha nyama kila siku anavimba tumbo na kufa, na mwenye kulisha atajiona alikuwa mkarimu. Kisha nenda ukalione tangi lenyewe. Picha ya simu haikwambii kama pampu inanguruma au kama maji yananuka.

Kuhusu bei, sikugawa bure. Niliweka kiasi kidogo, shilingi 5,000 kwa samaki, kwa sababu tangazo la "bure" lilileta watu waliotaka kitu cha kuchezea watoto wikendi. Kioo, meza na hita nilivizuia kabisa mpaka samaki wa mwisho apate pa kwenda. Kuna mtu alitaka kunipa shilingi 450,000 taslimu kwa tangi na meza, achukue jioni ile ile. Mume wangu alinitazama, mimi nikamtazama, na watoto wakatutazama sote. Hela tulizihitaji kwa kuhama. Lakini tukiliuza siku ile, samaki wangebaki kwenye mabeseni na sisi tungelazimika kumpa yeyote atakayepita. Anayebaki na samaki ndani ya beseni hana nguvu ya kuchagua.

Mwishowe walikwenda sehemu tatu. Chifu na kundi kubwa walichukuliwa na kijana wa Forest, hapo hapo Mbeya mjini, fundi simu, ambaye tangi lake lilikuwa na mawe ya chokaa ya Songwe kama letu. Mawe hayo yanayeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Kundi dogo lilikwenda kwa mwalimu mstaafu Tukuyu. Waliobaki walitakiwa Dar es Salaam na mfugaji mzoefu, njia ya zaidi ya kilomita 800.

Katika kipindi hicho aliyenituliza ni dada mmoja wa Iringa ambaye aliwahi kuachiwa tangi la maji ya bahari, lenye samaki na matumbawe, na mgeni aliyerudi kwao. Kwake ilikuwa ngumu maradufu. Matumbawe ni wanyama, yanaumana, hivyo kila kipande alikifunga peke yake kikiwa bado kimeshikana na jiwe lake, bila kukibandua. Alivaa glavu muda wote kwa sababu baadhi ya jamii zake zina sumu kali. Na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila vibali ni kosa, hata kama yameishi sebuleni miaka yote. Alinipa neno moja ambalo nililishika: andaa kule wanakokwenda kwanza, ndipo uguse huku wanakotoka.

Basi tukaandaa. Wiki kadhaa kabla ya kuhama nilichukua sponji mpya kadhaa nikaziweka ndani ya filta yetu zikae pamoja na za zamani. Sponji hizo ndizo nilizompa kila mpokeaji. Uhai wa tangi uko humo, si kwenye maji: bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti na kisha nitrati wanakaa kwenye sponji na mawe. Ukimpa mtu samaki bila sponji iliyokomaa, unampa wiki za hatari. Sponji isafirishwe mbichi, ndani ya maji ya tangi, na isuuzwe kwa maji hayo hayo, si ya bomba yenye klorini. Na filta iliyozimwa saa nyingi ikiwa imefungwa usiiwashe hivi hivi, maana bakteria wamekufa kwa kukosa hewa na uchafu wote utamwagika juu ya samaki. Ifungue, isuuze, ndipo uiwashe.

Siku mbili kabla ya safari hatukuwalisha. Watoto walilia, hasa mdogo aliyezoea kumpa Chifu majani ya mchicha kwa mkono. Nilimweleza kwamba samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya mfuko, na samaki mkubwa mwenye afya anastahimili siku hizo bila shida. Hakuelewa. Alikaa mbele ya kioo na kuwaomba msamaha mmoja mmoja.

Kuwakamata mbuna usijaribu mawe yakiwa ndani. Watakuzungusha hadi usiku wa manane, na ukiwafukuza na wavu watajichubua. Tulitoa mawe yote, tukatoa vyungu vya Kikisi tulivyovinunua Matema siku ya soko (vinafaa sana kuwa mapango, udongo wake haubadilishi maji), tukapunguza maji mpaka theluthi, tukazima taa. Gizani wanatulia. Mume wangu alishika tochi, mimi nyavu mbili, mmoja wa kuzuia na mwingine wa kuteka.

Mifuko ilitusumbua. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na vifuko vya kufungia bidhaa ni vyembamba. Suluhisho lilitoka kwenye vitalu vya parachichi: ile nailoni ya viriba inayouzwa ikiwa bado imeviringishwa, ndefu na wazi pande zote mbili. Chagua isiyo na matundu. Nilikata, nikafunga chini kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikakunja pembe na kuzifunga ili samaki mdogo asibanwe humo. Mbuna ana miiba mgongoni, kwa hiyo ni mifuko miwili kwa kila samaki, na gazeti katikati. Kila samaki mfuko wake, maana madume wawili mfuko mmoja ni kuwaua. Maji theluthi moja, hewa theluthi mbili.

Hewa nayo ina habari yake huku juu. Mbeya iko mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar kwenye joto lile lile. Kwa Forest hewa ya kawaida ilitosha. Kwa Tukuyu na Dar tulikwenda Mwanjelwa kwa fundi wa kuchomelea mwenye mtungi wa oksijeni, akatujazia yote kwa shilingi 10,000. Mwambie asijaze hadi mfuko ukaze. Barabara ya Tukuyu inapanda kwanza baada ya Uyole kabla ya kushuka, na mfuko unavimba kwa kadiri unavyopanda.

Mifuko ikaingia kwenye maboksi meupe ya foamu, na kati yake chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga, zisiguse mfuko moja kwa moja. Tuliondoka saa sita mchana kwa kirikuu, joto likiwa limepanda kidogo. Kirikuu kwenda Tukuyu na kurudi kilikula shilingi 70,000. Mwalimu mstaafu alitupokea getini, akashika boksi kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mama," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kabla hata hatujanywa chai alikuwa ameshazima taa ya tangi lake kama tulivyoagana.

Wa Dar ndio walioniumiza. Walisafiri usiku kucha kwa basi, na kondakta aliyeahidi kuweka boksi ndani aliliweka chini kwenye buti pamoja na magunia. Hata hivyo walifika hai wote. Waliokufa walikufa baada ya kufika, wakiwa tayari kwa mtu anayejua kufuga. Alifungua mifuko akaanza kuwazoesha maji kwa kudondosha tone tone kwa muda mrefu, kama wengi tulivyofundishwa, na wanne walikufa kabla ya jioni. Nilishinda nikisoma na kuuliza nini kilitokea. Ndani ya mfuko uliofungwa saa nyingi, samaki anatoa amonia na pia kaboni dayoksaidi. Kaboni hiyo inashusha pH, na pH ikiwa chini amonia inakaa katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka hewani, pH inapanda, na amonia yote iliyolundikana inageuka sumu kali wakati samaki bado yumo. Kwa mbuna ni vibaya zaidi kwa sababu maji unayowadondoshea yenyewe ni ya pH ya juu. Kwa hiyo safari ikiwa ndefu, elea mfuko ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, fungua, mteke samaki kwa wavu, mtie kwenye maji mapya yaliyopimwa tangu awali kuwa sawa na ya kwako, na maji ya mfuko mwaga nje. Kudondosha tone tone ni kwa safari fupi. Yule mfugaji alinipigia akiwa amevunjika moyo kuliko mimi, nikamwambia hapana, kaka, ulifanya kwa uangalifu wote uliokuwa nao.

Kulikuwa na jike mmoja ambaye hakusafiri na wenzake. Asubuhi ya kuwakamata nilimwona kona ya nyuma, kidevu kimeshuka, mdomo haufungi vizuri, anatafunatafuna bila kula. Alikuwa na mayai. Jike wa mbuna anayabeba mdomoni kama wiki tatu, hali chochote, na akishtuka anayatema au kuyameza. Ukiinamia kioo na kusubiri, akifungua mdomo kidogo unaona ndani vitu vya rangi ya chungwa vikizunguka. Huyo hatukumtoa na wavu. Tulizamisha ndoo tangini, tukamwelekeza kwa mkono aingie akiwa ndani ya maji, tukaitoa ndoo na maji yake, tukafunika. Mume wangu aliipakata ndoo mapajani kwenye bajaji mpaka Forest, akimwambia dereva taratibu kwenye kila tuta.

Kwa yule fundi simu tulifuata mpangilio huu: mawe yake tuliyapanga upya yote ili hata wenyeji wapoteze mipaka yao, wakaingia majike na wadogo kwanza, madume wadogo siku iliyofuata, Chifu mwisho kabisa. Dume mwenye nguvu akitangulia atalimiliki tangi zima na kuwapiga wote watakaomfuata. Jike mwenye mayai aliwekewa tangi lake dogo lenye sponji yetu ya zamani na chungu kimoja.

Kioo kiliondoka siku mbili kabla yetu, kikiwa kitupu na kikavu, kimelazwa juu ya godoro. Kamwe usilibebe na maji au mawe ndani, hata kidogo, maana silikoni ya kona inaachia na hutaona mpaka siku mwenzako atakapolijaza. Tuliuza shilingi 350,000, pungufu ya ile ofa ya kwanza, kwa mtu mwingine.

Jike alitema watoto salama. Kijana ananitumia video WhatsApp, na sasa shida yake ni wingi: vifaranga wamekua, tangi limejaa, na watu wanaanza kumwomba. Nimemtumia yale maswali yangu, na tumekubaliana kwamba atakayeshindwa amrudishie yeye, saa yoyote, bila kuulizwa kwa nini.